Ofisi Yangu Kando ya Ziwa Bunyonyi

Wahenga walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hiyo niliifundisha darasani kwa miaka kadhaa kabla sijahamishiwa ofisini, na kila mara niliwaeleza watoto kwamba msaada usio karibu si msaada. Sikudhani hata kidogo kwamba siku moja ningelazimika kuipima kwa maisha yangu mwenyewe, mama yangu mzazi akiwa amelala kitandani upande mmoja wa nchi, na kazi ya serikali niliyokabidhiwa ikiningoja upande wa pili. Leo, ndugu msomaji, nataka nikuchukue safari mpaka kwetu Kigezi, kusini-magharibi ya Uganda, nikuonyeshe ofisi isiyokuwa na mlinzi mlangoni wala kibao ukutani, ambamo nilifanya kazi kwa muda wa miezi minne ya mwaka 2023.

Habari zilinifikia mwishoni mwa Februari. Simu ililia alfajiri, na sauti niliyoisikia haikuwa ya Mama bali ya jirani yake. Mama ameteleza katika shamba la viazi, juu ya matuta yaliyolowa mvua, na mfupa wa paja umevunjika. Amekwisha vushwa ziwa kwa mtumbwi na kupelekwa hospitali mjini Kabale. Baba alifariki zamani, na dada zangu wawili wameolewa mbali, mmoja wao ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda. Nilifahamu mara moja kwamba zamu hiyo ilikuwa yangu.

Mke wangu ni askari polisi, nasi twaishi Mukono. Usiku ule tulikaa tukaulizana nani aende. Wasomaji wa gazeti hili hawana haja ya kuelezwa jinsi mashauri kama hayo yanavyokuwa, kwa maana ni nyumba chache za askari ambazo hazijayaonja. Mke wangu aliniambia neno moja lililomaliza mjadala. Alisema, "Baba Watoto, hakuna awezaye kulinda barabara akiwa jikoni kwa mama mkwe wake. Lakini kazi yako wewe ni karatasi na hesabu. Nenda kaulize."

Nami nilikwenda kuuliza. Kazi yangu ni kuhakiki orodha za walimu wanaostaafu, pamoja na za wajane na mayatima wa walimu waliofariki, ili malipo yao yasikwame kwa sababu ya tarehe iliyokosewa au jina lililoandikwa kwa namna mbili. Mkuu wangu wa idara ni mama mwenye maneno machache. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nenda ukamtunze mzazi. Lakini ukumbuke kwamba tarehe 30 Juni haina mama wala baba." Alikuwa na haki, kwani siku hiyo ndiyo mwisho wa mwaka wa fedha wa serikali, na orodha isiyokamilika siku hiyo huweza kumwacha mstaafu mikono mitupu. Akaweka masharti matatu: jalada lolote la karatasi lisitoke ofisini, matokeo ya kazi yamfikie kila siku ya kazi, na orodha ikichelewa, nirudi Kampala kwa basi la kwanza.

Basi letu liliondoka Kampala kabla ya mapambazuko. Barabara ya kwenda Kabale ina urefu wa zaidi ya kilomita 400. Baada ya Mpigi tulifika Kayabwe, mahali ambapo barabara inakata mstari wa ikweta, na wageni husimama kupigwa picha kati ya alama zake nyeupe. Tukavuka bonde la mto Katonga lenye mafunjo pande zote mbili, tukapita Masaka, kisha Lyantonde, ambako nchi inafunguka na macho yanaanza kuona ng'ombe wenye pembe ndefu wa nchi ya Ankole. Kutoka Mbarara hadi Ntungamo milima ilianza kukaribiana, na tulipokaribia Kabale abiria walikuwa wakitoa masweta katika mikoba, kwa kuwa mji ule uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake haimwonei haya mgeni.

Mama alikuwa amefungwa mguu, na daktari aliagiza kwamba asikanyage chini kwa majuma mengi. Aliporuhusiwa kutoka hospitali tulimchukua nyumbani. Kutoka Kabale mjini hadi ziwani si mbali, lakini ni lazima kuupanda mgongo wa mlima kwanza. Ukifika juu, ghafula Bunyonyi inafunguka chini yako: maji yaliyotulia yakijipenyeza kati ya vilima, na visiwa vyake ambavyo kwa hesabu ya watu wengi ni 29. Jina lake maana yake ni mahali pa ndege wadogo wengi. Hakuna mamba wala viboko humo, kwa hiyo watoto wa kwetu hujifunza kupiga kafi mapema. Vilima vyote vinavyolizunguka ziwa vimekatwa matuta kama ngazi, toka majini mpaka kileleni, na juu ya kila ngazi kuna viazi, maharagwe au mtama. Matuta hayo ndiyo yaliyoilinda ardhi yetu isichukuliwe na mvua, na moja kati yake ndilo lililomwangusha Mama.

Kutoka gatini tulipanda mtumbwi, Mama akiwa amelazwa juu ya godoro, tukapita karibu na kisiwa cha Bwama. Kisiwa hicho kina historia ambayo kila mtoto wa Bunyonyi huisikia. Mwaka 1931 daktari Mwingereza, Leonard Sharp, ambaye alikuja Kabale na mwenzake mwaka 1921, alianzisha pale makazi ya wagonjwa wa ukoma. Wagonjwa walitibiwa na kulima mashamba yao, lakini walivuka maji wakawaacha jamaa ng'ambo, na kwa wengi wao habari za nyumbani zilikuja kwa bahati, kwa mdomo wa mpiga kafi. Siku hizi pana shule pale. Nilipokitazama kisiwa kile, Mama akiugulia maumivu miguuni pangu, niliwaza kwamba jambo linalomtenga mtu na wenzake si maji peke yake, bali kukosa njia ya kupeleka neno na kupokea jibu. Wakati huo sikujua kwamba karibu ningejifunza somo hilo kwa gharama.

Nyumba yetu iko mgongoni mwa kilima, mahali pasipofikiwa na nguzo za umeme. Kwa hiyo nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na kompyuta ndogo ya kubebeka iliyotolewa na ofisi na kufungwa kwa neno la siri. Modemu ya kuvutia intaneti, yenye ukubwa wa kidole gumba. Simu mbili za mitandao miwili tofauti. Paneli ya umeme wa jua pamoja na betri yake. Na daftari la kawaida la kurasa 96. Shangazi yangu alikuja kukaa nasi ili amwogeshe Mama, kwa sababu kuna kazi ambazo mila haimruhusu mtoto wa kiume kumfanyia mamaye. Zilizobaki zilikuwa zangu: kuwasha moto, kupika uji, kuchota maji, kumgeuza mgonjwa, na kumpa dawa kwa saa zake.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuutafuta mtandao. Ndani ya nyumba haukuwamo. Nilizunguka shamba zima nikiwa nimeinua simu kama mtu anayeomba mvua, majirani wakinitazama, mpaka nilipoupata chini ya mkaratusi mkubwa ulio hatua kama mia mbili juu ya nyumba, mahali panapotazamana na upande wa Kabale. Pale nilijenga kibanda cha miti na mabati mawili, nikaweka meza na kiti. Hiyo ndiyo iliyokuwa ofisi yangu. Asubuhi ukungu huwa umelala juu ya ziwa kama pamba, na visiwa haviwi na miguu, vilele tu ndivyo vinavyoonekana. Nilifika pale saa mbili kamili nikiwa nimekwisha mnywesha Mama uji.

Watu wa kijijini walianza kunong'ona kabla ya juma kwisha. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye kazi Kampala, anapika uji na kukaa chini ya mti mchana kutwa. Ni wazi kwamba amefukuzwa. Mama naye aliyasikia. Jioni moja aliniita karibu na kitanda akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, niambie kweli. Wamekufukuza?" Nilimwapia kwamba sivyo, lakini niliona hakuamini. Kesho yake nilimwomba mkuu wangu wa idara ampigie Mama simu. Alimsalimu kwa heshima, akampa pole, kisha akamwambia, "Mama, mwanao yuko kazini. Tafadhali usimruhusu atoroke." Tangu siku ile Mama aligeuka mlinzi wa ofisi. Mgeni akija mchana kuniulizia, alimwambia toka kitandani, "Rudi jioni, yuko ofisini."

Majuma matatu yalipita vizuri, na mimi nikaanza kujisifu moyoni. Ndipo likatokea jambo ambalo sitalisahau.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya kufunga orodha ya mwezi. Nilikuwa nimehakiki majina kumi na manne ya mwisho, nikayatia katika barua pepe, nikabonyeza kitufe cha kutuma. Mawingu yalikuwa yameshuka na matone ya mvua yalianza kupiga mabati. Nilifunga kompyuta nikakimbilia nyumbani, nikiamini kwamba kazi imekwisha. Lakini barua ile haikwenda. Mtandao ulikuwa umedhoofika kwa mvua, na orodha ililala ndani ya kompyuta yangu Jumamosi na Jumapili, wakati Kampala wanafunga hesabu bila hayo majina. Jumatatu asubuhi mkuu wangu alipiga simu. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba watu kumi na wanne hawatalipwa mwezi ule mpaka mwezi ujao, na kwamba nina siku tatu za kumweleza jinsi jambo hilo lisivyoweza kutokea tena. Kama sivyo, nipande basi.

Alasiri ile ile nikapigiwa simu na mama mmoja, mjane wa mwalimu, ambaye jina lake lilikuwa katika wale kumi na wanne. Ofisini walikuwa wamempa nambari yangu. Hakunigombeza. Aliniuliza kwa upole kama ni kweli, kwa sababu alikuwa amekopa karo ya mtoto kwa kutegemea fedha za mwezi huo, na mwenye kumkopesha alikuwa amekwisha fika mlangoni. Nilimwambia kwamba ni kweli, na kwamba kosa ni langu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Asante kwa kuniambia." Afadhali angenitukana.

Nilishuka kilimani nikiwa nimeinamisha kichwa, nikakutana na jirani yetu mmoja ambaye kijiji kizima humwita Afande. Ni sajini mstaafu wa jeshi, na kazi yake kwa miaka mingi kaskazini ilikuwa mitambo ya mawasiliano. Hupenda kuzungumza Kiswahili nami kwa sababu humkumbusha kambini. Aliniuliza nina nini, nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akichonga mpini wa jembe, kisha akaniuliza, "Ulipotuma, nani alikujibu 'Nimekupata'?" Nikamwambia hakuna. Akatikisa kichwa. "Basi hukutuma," akasema. "Ulizungumza na mvua."

Tulikaa mpaka giza likaingia, naye akanifundisha mambo manne ambayo, alivyosema, kila mwanajeshi wa redio huyajua kabla hajaruhusiwa kushika kipaza sauti.

La kwanza ni saa. Redio mbili zisizokuwa na saa ya kukutana ni maboksi mawili ya chuma. Wakubaliane wakati wa kuzungumza, na wakati huo uheshimiwe hata kama hakuna habari, kwa maana "sina habari" nayo ni habari. La pili ni ufupi: ujumbe mmoja, jambo moja, maneno yaliyopimwa. Ujumbe mrefu hula betri, na humfanya msikilizaji achague mwenyewe la kushika na la kuacha. La tatu ni jibu. Aliyetuma asiondoke mpaka aliyepokea arudie kile alichokisikia. Kwani neno "ndiyo" peke yake halitoshi, bali arudie nambari, mahali na saa. La nne ni njia ya pili. Redio ikinyamaza, awepo tarishi anayeijua njia, na njia hiyo ijulikane kabla ya hatari kuja, si baada yake.

"Sisi," akasema Afande, "tulikuwa mbali na mkuu wetu kuliko ulivyo wewe na Kampala. Hakutuona kwa majuma. Lakini alijua tulipo na tufanyacho, kwa sababu kila saa iliyopangwa alisikia sauti yetu. Mkuu hahitaji kuuona uso wako, kijana. Anahitaji kujua kwamba saa ikifika utakuwapo."

Usiku ule niliyaandika yote katika daftari, na asubuhi nikampelekea mkuu wangu mpango wa mistari kumi. Tutazungumza mara mbili kwa siku, saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi jioni, kila mara kwa dakika zisizozidi kumi. Kila orodha itagawanywa vipande vidogo, ili isiwe mzigo mzito kwa mtandao dhaifu. Kila kipande kitakapotumwa, mwenzangu aliyeko Kampala atanipigia simu na kunisomea idadi ya majina na jumla ya hesabu, nami nitalinganisha na daftari langu kabla ya kuinuka kitini. Siku za mwisho wa mwezi kazi itafungwa Jumatano badala ya Ijumaa. Mtandao wa kwanza ukikatika, tutatumia simu ya mtandao wa pili. Nao ukikatika, nitavuka kwa mtumbwi na kupanda pikipiki mpaka Kabale mjini. Alinijibu kwa ujumbe mfupi: "Nimekupata. Anza leo." Yule mjane na wenzake walilipwa mwezi uliofuata, nami sikulala vizuri mpaka niliposikia hivyo.

Mwezi wa Mei mpango huo ulijaribiwa. Mvua za mwaka 2023 zilikuwa kali sana, na katikati ya mwezi huo mafuriko ya mto Katonga yaliharibu barabara kuu kati ya Kampala na Masaka, pale pale tulipopita na basi letu. Magari yaligeuzwa yakapita njia ya kuzunguka, na safari ya saa chache ikawa ndefu kupita kiasi. Mkuu wangu wa idara alikuwa safarini upande wa magharibi, akakwama njiani wakati hesabu zilikuwa zikidaiwa wizarani. Saa kumi jioni simu yangu ililia chini ya mkaratusi. Nilimsomea takwimu zote kutoka katika daftari, akazirudia moja moja, kisha akazipeleka kunakohusika kwa simu yake akiwa ndani ya gari. Barabara ilikatika, lakini kazi haikukatika. Baada ya siku hiyo hakuniuliza tena habari za basi la kwanza.

Ndugu msomaji, jambo hili si geni duniani. Huko Australia, ambako mashamba ya ng'ombe yako mbalimbali mno, mwaka 1951 katika mji wa Alice Springs ilianzishwa shule ya redio, na watoto walisoma wakiwa majumbani, wakimjibu mwalimu kwa kipaza sauti. Mwaka 1973 mhandisi mmoja wa Marekani, Jack Nilles, alianza kuchunguza huko California kama haifai kuipeleka kazi kwa mfanyakazi badala ya kumpeleka mfanyakazi kwenye kazi. Sisi wenyewe tulisukumwa na dhiki. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, shule za Uganda zilifungwa mwezi wa Machi na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2022. Masomo yakatafuta njia ya redio, na ofisi nyingi zikatafuta njia ya simu.

Je, faida zake ni zipi? Yako matokeo ya uchunguzi uliofanywa na Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford pamoja na wenzake katika kampuni ya safari ya Ctrip huko Shanghai, nchini China, kwa miezi tisa. Wafanyakazi wa simu waliopewa nafasi ya kufanya kazi nyumbani kwa siku nne za juma waliongeza kazi yao kwa asilimia 13 kuliko wenzao wa ofisini, na walioacha kazi walipungua kwa nusu. Hata hivyo, jaribio lilipokwisha, karibu nusu yao waliomba kurudi ofisini, na sababu kubwa ilikuwa upweke. Mambo hayo yote mawili nayashuhudia mwenyewe.

Faida ya kwanza niliyoiona ni wakati. Mukono na Kampala ni karibu, lakini kwa msongamano wa barabara ya Jinja nilizoea kupoteza saa tatu kwa siku nikiwa nimebanwa ndani ya teksi. Saa hizo Bunyonyi zilitosha kumnyoosha Mama mguu kama daktari alivyoagiza, kuchota maji, na kulima matuta mawili ya viazi. Ya pili ni fedha: nauli ya siku moja ilinitosha kununua bando la intaneti la siku kadhaa, na kilichobaki nilikituma nyumbani kwa simu siku hiyo hiyo. Ya tatu ni utulivu, kwani chini ya mti hakuna anayekuja kuzungumza habari za mpira. Ya nne, ambayo ndiyo kubwa, ni kwamba sikulazimika kuchagua kati ya mzazi na mkate. Nayo serikali haikupoteza mtumishi iliyemfundisha kwa gharama.

Lakini sitaki kumdanganya mtu. Upweke ulikuwapo. Kulikuwa na siku ambazo mawingu yalilifunika jua tangu asubuhi, betri ikafa, nami nikavuka ziwa na mvua mgongoni. Kulikuwa na siku ambazo Mama aliniita kwa maumivu wakati hesabu haijalingana. Tena si kila kazi inayofaa. Askari wa lindo, mkunga, dereva na mpishi wa kambi hawawezi kuifanyia kazi yao nyumbani, wala asiwepo wa kuwadharau. Ni wao wanaotuwezesha sisi wengine kukaa chini ya miti kwa amani. Tena siri ya kazi ni amana. Nilifunga kompyuta kila nilipoinuka, hata kwenda kunywa maji, na hakuna mtu wa kijijini aliyesoma jina la mstaafu yeyote.

Kwa ajili ya jamaa wa askari walioko makambini, nina neno moja la mwisho. Wengi wenu mnahamishwa kila baada ya muda, na mke mwenye kazi yake au biashara yake hulazimika kuanza upya kila mara. Kama ni mshonaji, mhasibu, mwandishi wa hesabu za chama cha akiba, au mwuzaji wa kuku, simu mliyo nayo yaweza kuihamisha kazi pamoja nanyi. Lakini msianze kwa kununua kifaa cha bei kubwa. Anzeni kwa kupanga saa na wateja, kuwa na maneno mafupi, kurudia kila agizo kabla ya kulitekeleza, na kuwa na njia ya pili. Mambo hayo hayauzwi dukani, na nyumba ya askari ndiyo inayostahili kuyajua kabla ya nyumba nyingine.

Tarehe 30 Juni nilituma kipande cha mwisho cha orodha ya mwaka. Mwenzangu alinisomea idadi, nami nikalinganisha na daftari. Ilikuwa sawa. Nilipoteremka nyumbani nilimkuta Mama amesimama mlangoni, ameshika fimbo aliyochongewa na Afande, akihesabu hatua zake. Alihesabu kumi na mbili, akaketi, akacheka.

Methali ya fimbo ya mbali sijaiacha, na nikirudi darasani nitaifundisha tena. Ila nitawaongezea watoto maelezo kidogo. Nitawaambia kwamba umbali haupimwi kwa kilomita peke yake. Mtu aliye chumba cha pili asiyejibu yuko mbali. Na aliye ng'ambo ya ziwa, lakini saa ikifika anaitika, huyo yuko karibu.